Mpango wa Ikuvala

Nilimkuta dada yangu Leokadia anakoroga dawa kwenye ungo.

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri. Wanawake wa mgowe, wale wanaolimiana kwa zamu, walikuwa wametoka shambani kwa Mama Yustina, ambako zamu ilikuwa imefikia, na sasa walikuwa wamekaa uani kwa Leokadia, miguu imenyooshwa, majembe yameegemezwa ukutani. Kila mmoja alikuwa na kichupa cha bluu chenye jina lake na namba yake. Mmoja baada ya mwingine walimimina vidonge vyao ndani ya ungo, na dada yangu akavichanganya kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayechambua maharage.

"Kamwene," nikasema.

"Kamwene, mdogo wangu. Keti. Viazi viko jikoni."

Sikuketi. "Dada, mnafanya nini?"

"Unaona. Tunagawana."

"Si mliambiwa kila mtu ameze vya kwake?"

"Tuliambiwa. Tukaambiwa pia kwamba nusu yetu tumepewa vidonge vya wanga, havina kitu ndani, na hakuna anayejua ni nani kapewa vipi. Sasa wewe msomi nieleze. Huyu Mama Yustina amenilimia miaka thelathini. Mimi nimeze dawa, yeye ameze ugali?"

"Huenda wewe ndiye wa ugali," Mama Yustina akasema. "Hata sura inaonyesha."

Wakacheka. Leokadia alianza kuhesabu, saba kwa kila mkono uliokuwa umekingwa, vya wiki nzima. Hakutazama anachookota. Nilimwangalia akifika mwisho wa duara na kubakiwa na vidonge viwili, akamuuliza kila mtu ana vingapi, kisha akavirudisha kwa wale waliokuwa na sita.

"Mmefanya hivi tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza. Si sisi tu. Kijiji kizima. Wanaume wanagawana Jumapili wakitoka kanisani."

"Na mnaumwa?"

Hilo sikutakiwa kuliuliza. Lilinitoka.

"Homa?" Leokadia alipangusa kiganja kwenye kanga. "Mwaka jana msimu kama huu tulikuwa tumezika watu saba. Mwaka huu tumezika mmoja, na huyo alianguka kutoka kwenye mparachichi. Evaristo, mbona umesawijika hivyo?"

"Laiti usingeniambia."

"Sijakwambia. Umekuja bila taarifa, umejionea mwenyewe."

*

Mimi nilikuwa Mtunza Mawe wa Taasisi ya Utafiti ya Nyanda za Juu. Kwa miaka thelathini na moja hakuna utafiti uliofanyika katika mikoa minne bila mpango wake kupita mikononi mwangu, na katika miaka hiyo sikuwahi kupokea mpango mbovu wala kulifungua jiwe kabla ya saa yake.

Jiwe ni kitu cha ukubwa wa ngumi, cheusi, laini kama sabuni iliyotumika. Mtafiti anapotaka kujua jambo anaandika kwanza kila atakachofanya: atapima nini, kwa nani, siku ngapi, na jibu la namna gani litahesabiwa kuwa ndiyo, na la namna gani litahesabiwa kuwa hapana. Jiwe linameza maneno hayo, linajifunga, na tangu hapo hakuna anayeweza kuyabadilisha, hata mwandishi mwenyewe. Siku ikifika linafunguka lenyewe. Mashine tunayoiita Mizani inasoma mpango, inasoma vipimo, na inatoa hukumu.

Sheria hii haikushuka kutoka mbinguni. Nilipokuwa kijana watafiti walikuwa wakiandika mpango baada ya kuona jibu. Ukipima mambo ishirini, moja litakupendeza, na unasema ndilo ulilokuwa ukilitafuta. Kwa njia hiyo ilipatikana dawa ya kuwalaza watoto wachanga. Mwanangu wa kwanza aliinywa wiki mbili. Sitaeleza zaidi. Yalipokuja mawe, niliomba kazi ya kuyatunza hata kabla sijauliza mshahara.

Jaribio la Ikuvala lilikuwa la Daktari Kassian Luvanda. Kijiji kina watu mia moja na themanini wanaokaa bondeni, na kila mwaka maji ya mto yakipanda inakuja homa inayolegeza miguu. Vijana wanalala mwezi na kuinuka. Wazee wengi hawainuki. Daktari alikuwa na dawa. Nusu ya watu walipewa dawa, nusu wanga, kwa kura, na majina yakafungwa ndani ya jiwe. Siku ya mwisho Mizani ingeyaweka makundi mawili bega kwa bega. Kama wa dawa wangekuwa wameumwa kidogo kuliko wa wanga, dawa ingepita.

Lakini makundi hayakuwapo. Kulikuwa na ungo. Kila mtu wa Ikuvala alikuwa akimeza nusu dawa na nusu wanga, na kama nilivyoona kwa macho, nusu hiyo ilikuwa inatosha. Mizani ingekuta makundi mawili yanayofanana kama mapacha, na ingesema: haifai.

Hukumu ikishatoka hairudi. Inakwenda kwenye vinu vyote vya dawa vya nchi kumi na tisa, vile vinu vinavyosaga na kuchanganya dawa kwenye kila zahanati, na kanuni ya dawa iliyoshindwa inafutwa humo ili asije mtu akaitengeneza kwa siri. Nilihesabu. Zilikuwa zimebaki siku kumi.

*

Jumatatu nilikwenda ofisini kwa Daktari Luvanda. Alikuwa anakula karanga za kukaanga na kutazama ukuta.

"Shikamoo, Mzee Kihwele."

"Marahaba. Hujambo?"

"Siku tisa, Mzee. Mke wangu anasema nahesabu ndotoni."

"Nane," nikasema. "Daktari, tuseme mtu amejua jambo."

Mkono uliokuwa na karanga ulisimama njiani. "Jambo la wapi?"

"La ndani ya jaribio."

Akainuka, akafunga dirisha, kana kwamba hatari ilikuwa inatoka nje. Akarudi na kusimama mbele yangu, mikono yote miwili juu ya masikio.

"Usiniambie. Wewe unaijua sheria kuliko mimi. Ukinieleza neno moja nimechafuka. Sitaruhusiwa kuigusa dawa hii maisha yangu yote, hata hukumu ikiwa nzuri."

"Na kama neno hilo ndilo lingeiokoa dawa?"

Alishusha mikono. Alinitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa na mtu niliyemzidi umri.

"Kila mtu aliyewahi kuharibu mpango alisema anaokoa dawa. Maneno hayo si yangu, Mzee. Ulituambia wewe siku ya kiapo. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele."

Nilikumbuka siku ile. Nilikuwa nimevaa suti ya kahawia. Nilikuwa na uhakika wa kila neno.

"Basi," nikasema. "Endelea kula karanga zako."

"Mzee." Nilikuwa nimefika mlangoni. "Ni jambo baya?"

Lilikuwa jambo baya kwa jaribio na jambo zuri kwa watu, na sikujua yeye alikuwa anauliza habari za lipi. Nikatoka.

*

Sheria iliniachia mambo mawili tu. La kwanza ni kunyamaza. Jiwe lingefunguka kwa saa yake, Mizani ingesema uongo bila kujua, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kunilaumu. La pili ni kuliua jiwe. Mtunzaji anaweka kiganja juu yake na kutaja jina lake, nalo linageuka jeupe. Hukumu haitoki, kanuni haifutwi. Lakini utafiti umekufa, na kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kumeza dawa isiyo na hukumu wala mpango ulio hai, vidonge vinakusanywa ndani ya siku tatu. Yaani kwa mkono wangu ningeinyang'anya Ikuvala dawa inayowaponya, maji yakiwa bado juu. Jaribio jipya, kwa kawaida ya taasisi, lingechukua miaka mitano kupata jiwe.

Nililizungusha jambo hili kichwani mpaka nikawa sijui ni upande upi nilioanzia. Nikaamua kufanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya. Nilikwenda kuwauliza watafiti wengine mpango ni nini.

Fundi Ngimba, mchimbaji wa visima vya kupimia maji ya chini, alinijibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye mtambo. "Mpango wangu ni shimo la kwanza, Mzee. Nikigonga mwamba nahamia hatua kumi. Shimo la pili linapangwa na la kwanza." Nikamwambia kwamba mpango wake ulio kwangu una mashimo kumi na mawili, yamechorwa kwa vipimo. "Ndiyo," akasema, "niliyachora kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi kumi na mbili."

Bi Tulinave Chavala alikuwa mtu wa historia. Faili lake lilikuwa nene kuliko yote katika chumba changu, lenye marekebisho kumi na saba, na kila rekebisho nilikuwa nimeliandikia barua ya kukemea. Aliponiona mlangoni alisogeza vitabu kutoka kwenye kiti.

"Umekuja kunigombeza ya kumi na nane?"

"Nimekuja kuuliza swali."

"Basi leo itanyesha mvua ya mawe." Akanimiminia chai. "Uliza."

"Ulipanga kuwauliza wazee maswali arobaini kuhusu mafuriko. Kwa nini hukuyauliza?"

"Niliyauliza. Kwa mzee wa kwanza. Akanisikiliza hadi la sita, akasema: mwanangu, mafuriko yalikuwa siku mbili, kwa nini huniulizi habari za mwaka ule wa nzige wa chuma, zile ndege ndogo za kunyunyizia mashamba zilipokataa kurudi zilikotoka? Ningeshika mpango wangu ningerudi na majibu arobaini ya maswali ya kipuuzi."

"Unajuaje kwamba hukugeuka kufuata kile unachokipenda?"

"Sijui." Alisema bila aibu. "Ndiyo maana kila ninapogeuka naandika nimegeukia wapi na kwa nini, nakuletea, na wewe unanikemea. Zile barua zako nazipenda. Zinanifanya niandike vizuri zaidi."

Sikujua kama nilikuwa nimesifiwa au nimechekwa. "Na mtu akifa kwa sababu uligeuka vibaya?"

Bi Tulinave aliweka kikombe chini. "Kwangu mimi hakuna anayekufa, Mzee wangu. Waliokufa nawakuta wamekwisha kufa. Swali hilo wapelekee wa dawa."

"Wa dawa wameziba masikio."

"Basi una kazi," akasema.

Kutoka kwake nilipanda gari la taasisi. Magari yetu hayana dereva. Yanaongozwa na Mratibu, mashine inayopanga safari zote, mizigo yote na majokofu yote ya mikoa minne. Watu hawazungumzi nayo isipokuwa kutaja wanakokwenda. Siku ile nilizungumza.

"Mratibu, una mpango wa safari hii?"

"Ninao," ikajibu kwa ile sauti yake isiyo na umri.

"Uliupanga lini?"

"Huu ulio mbele yako una nusu sekunde. Kabla yake ulikuwapo mwingine. Ng'ombe wawili wako barabarani mbele ya kona, kwa hiyo sasa ni mwingine tena."

Kweli, tulipopinda kona nikawaona ng'ombe, na gari lilikuwa limekwisha kupunguza mwendo.

"Kwa hiyo mpango kwako hauna heshima yoyote."

"Sijaelewa swali. Mpango ni njia ya kutoka nilipo kwenda ninapotakiwa. Nilipo hubadilika kila wakati. Kuushika mpango wa zamani ni kuwagonga ng'ombe."

"Na unapotakiwa kwenda? Hapo hapabadiliki?"

"Hapo napewa. Sipangi."

"Na kama waliokupa wamekosea?"

Gari lilikwenda mita mia hivi. Sidhani ilikuwa inafikiri. Nadhani ilikuwa inatafuta mtu wa kumpelekea swali. "Tafadhali wasiliana na ofisi inayohusika," ikasema.

Nilishuka nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyopanda. Mchimbaji alikuwa na haki, mwanahistoria alikuwa na haki, hata mashine ilikuwa na haki. Kila mmoja alikuwa na haki nyumbani kwake. Nilikuwa nimewapima wote kwa kipimo cha dawa miaka thelathini na moja. Sasa dawa yenyewe ilikuwa imeniletea ng'ombe barabarani, na sikuwa na usukani.

*

Zilipobaki siku nne nilikwenda chumba cha mawe saa nne asubuhi. Yamepangwa kwenye rafu za mninga, mia tatu na kumi na sita, na chini ya kila moja pana kadi ya jina. Sikuwa nimeamua. Nataka jambo hili lieleweke, kwa sababu baadaye watu walisema nilikuwa jasiri, na wengine walisema nilihongwa na undugu. Nilikuwa nimesimama tu.

Nilijaribu kuwaza kama mtu ambaye dada yake hakai Ikuvala. Sikuweza. Kisha nikajaribu kuwaza kama mtu ambaye mwanawe hakunywa dawa ya usingizi. Hilo nalo sikuweza. Mmoja alinivuta mkono na mwingine akanishika bega. Kama ningeliua jiwe, ningekuwa mtu aliyeona jibu na kisha akaugusa mpango, mtu yule yule niliyekuwa nimekula kiapo kumzuia. Na kama nisingeligusa, jiwe lingesema uongo mbele ya nchi kumi na tisa, uongo wenye muhuri safi, na mlinzi wa uongo huo ni mimi.

Niliweka kiganja. Lilikuwa baridi.

"Evaristo Kihwele," nikasema.

Weupe ulianzia chini ya vidole na kuenea, kama maziwa yanapomwagwa kwenye chai, halafu king'ora kidogo kikalia nje, na nikakaa kwenye kigoda kumsubiri daktari.

Alifika anahema. Alilitazama jiwe kwanza, kisha mimi. Nilidhani atanipiga.

"Sasa unaweza kusikia," nikamwambia. Nikamweleza.

Daktari Luvanda alikaa chini, sakafuni, na koti lake jeupe.

"Kwenye ungo," akasema.

"Kwenye ungo."

"Miaka sita, Mzee. Nimehesabu mbu. Nimepima damu, uzito, joto la maji, umbali wa kila nyumba kutoka mtoni. Nina kurasa mia mbili na tisa za mpango." Alisugua uso. "Sikuuliza kama wanalimiana."

"Na mimi niliupitisha. Nimezaliwa kule na sikuuliza."

"Ungesubiri siku nne tu, ningeambiwa dawa haifai, ningelia, ningekwenda kufanya kazi nyingine. Ningekuwa na amani." Akalitazama tena jiwe. "Kweli amekufa mmoja tu?"

"Alianguka kwenye mparachichi."

Alianza kucheka, na kile kicheko kikageuka kitu kingine njiani. Nilitazama rafu mpaka akamaliza.

*

Jumatatu iliyofuata tulishuka Ikuvala pamoja kukusanya vichupa. Nilikuwa nimesimamishwa kazi, lakini hakuna aliyenizuia kupanda gari. Wanawake walikuwa kwenye shamba la dada yangu, zamu ikiwa imemfikia, na tulilazimika kuvuka matuta kuwafuata. Waliegemea majembe wakasikiliza. Daktari aliwaeleza yote bila kuficha: kwamba kugawana kwao kulikuwa kumeliharibu jaribio, na kwamba kulikuwa kumewaponya, na kwamba kwa sheria vidonge vinaondoka leo.

"Kwa hiyo tumekosa," Mama Yustina akasema.

"Hamjakosa, mama. Nimekosa mimi."

"Lakini vidonge unavichukua wewe."

Daktari alishusha mkoba begani. Alieleza kwamba angeweza kuomba mpango mpya, wa vijiji viwili: kijiji kizima kipate dawa, kijiji kizima kikose, ili kugawana kusiharibu kitu. Ikuvala na Msolwe ng'ambo ya mto. Maombi hayo yangechukua muda, lakini kwa kuwa kila kitu kilikwisha kuandaliwa, pengine msimu ujao, si miaka mitano.

"Nani atapata?" Leokadia akauliza.

"Itapigwa kura."

"Tukipata sisi tena?"

"Basi Msolwe watakosa."

Wanawake walitazamana. Wengi wao walizaliwa Msolwe, au walikuwa na binti walioolewa huko. Leokadia alichomeka jembe ardhini.

"Hapana kura. Andika wao wapate, sisi tukose. Sisi tumekwisha kupata."

"Mama, mpango hauruhusu watu kuchagua. Kura ndiyo..." Daktari alisimama katikati ya neno. Nilimwona akitazama mto, kisha kijiji, kisha mto. Midomo yake ilikuwa inasogea. "Mwaka huu walikuwa nayo na homa imekaa chini," akasema polepole, akiniambia mimi. "Mwaka ujao wasipokuwa nayo..."

Nilikuwa nimefika mahali pale kabla yake, na nilitamani nisingefika. Homa ikirudi Ikuvala na kushuka Msolwe, hakuna Mizani ambayo ingekataa. Ulikuwa mpango bora kuliko wowote niliowahi kuushika. Na ili ujibu ndiyo, ilibidi hawa waliokuwa mbele yangu walale.

"Dada," nikasema, "unaelewa unachosema? Wewe una miaka sabini na mitatu. Homa ile haiwainui watu wa umri wako."

"Mimi ndiye niliyewazika wale saba. Wewe ulituma rambirambi." Hakusema kwa ukali. "Binti wa Mama Yustina yuko Msolwe na mimba. Unataka nipige kura naye?"

"Ninaweza kuuandika hivyo na ukakataliwa. Ningekuwa mimi kwenye dawati ningeukataa."

"Kwa nini?"

Nilifungua mdomo kueleza. Kwa sababu mwenye mpango hatakiwi kuwa ndiye anayeumia. Kwa sababu mtu akijua jibu, hawezi kupanga swali. Kwa sababu zawadi si kura. Yote niliyajua kwa moyo, na yote niliyaamini bado, na hakuna hata moja lililoweza kutoka na kusimama pale kwenye matuta mbele ya dada yangu.

"Sijui," nikasema. Sikumbuki kuwa nimewahi kulisema neno hilo nikiwa kazini.

"Basi andika, wakatae wao."

Daktari alikuwa na fomu kwenye mkoba. Nilikaa kwenye tuta, nikaiweka juu ya goti. Mahali pa mwenye mpango nilimtazama Daktari Luvanda, naye akatikisa kichwa, akamwelekezea kidole Leokadia. Nikaandika jina la dada yangu. Tulijaza vipimo, siku, vijiji, jibu la ndiyo na jibu la hapana. Ilikwenda haraka. Halafu nikafika kwenye kipengele ambacho watafiti wote niliowahi kuwahudumia walikijaza kwa neno moja, hakuna, nami nikapitisha. Nikakisoma kwa sauti.

"Nani anaweza kuumia mpango huu ukifuatwa?"

"Mimi," Leokadia akasema. "Andika. Leokadia Kihwele."

Nikaandika.

"Na mimi," Mama Yustina akasema. "Jina langu la ubatizo ni Skolastika. Skolastika Mgongolwa. Liandike lote."

Waliokuwa mbali walisogea, wakipanga foleni kwenye mfereji kati ya matuta. Hakuna aliyewaita. Kila mmoja alikuja, akasema jina lake na la baba yake, akangoja aone kalamu imelimaliza, akarudi kwenye jembe lake. Mpaka leo sijui kama kile nilichokuwa nakiandika ni mpango. Kipengele kile kina mistari mitatu. Alipofika wa nne niligeuza karatasi, na ilipojaa nikamwomba daktari nyingine.